Kuunda ndege ya rimoti na kujifunza kuirusha ukiwa Mtwara au Lindi

Anayeishi Mtwara au Lindi na kutamani kurusha ndege ya rimoti tayari ana mambo mawili ambayo wa mjini Dar es Salaam anayahangaikia: nafasi, na upepo wenye ratiba. Maji yakikupwa, ufuko hubaki mpana na mgumu. Majaruba ya chumvi wakati wa kiangazi huwa makavu na tambarare. Ukienda bara, kuelekea Nanyamba au Mtama, utapata viwanja vya mpira vilivyo mbali na nyumba. Tunachokosa huku ni duka la vipuri na mtu wa kukushika mkono siku ya kwanza, kwa hiyo nimeandika kwa ajili ya anayeanza peke yake au na rafiki mmoja.

Msimamo wangu ni huu: kiwiliwili na mabawa uyatengeneze mwenyewe kwa vitu unavyoweza kuvipata tena kesho, na fedha yako yote iweke kwenye mota, betri na rimoti. Ndege ya kujifunzia itaanguka. Ikianguka, mota na rimoti vinahamia kwenye kiwiliwili kipya na wewe unaendelea na mazoezi wiki hiyohiyo. Anayenunua ndege nzuri iliyokamilika kutoka nje huivunja, kisha hungoja kipande cha bawa kwa miezi, na hapo wengi ndipo wanapoachia.

Kabla ya kununua chochote

Anza na ruhusa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayosimamia vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake, na ndiko unakotakiwa kuuliza juu ya usajili na kibali cha chombo chako kabla hakijaenda hewani. Usitegemee maneno ya kijiweni kwamba "hiki ni kitoto cha ndege, hakina shida." Kaa mbali kabisa na uwanja wa ndege wa Mtwara, na kwa Lindi uwanja wa Kikwetu. Kaa mbali pia na kambi za jeshi, na mitambo ya gesi ya Madimba na Msimbati. Ufuko wa Msimbati ni mzuri mno na mchanga wake unashawishi, lakini uko ndani ya hifadhi ya bahari, visima vya gesi viko jirani na mpaka wa Msumbiji hauko mbali. Bila ruhusa ya wahusika, ufuko huo uache.

Baada ya mamlaka kubwa, kuna mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Nenda kwake siku moja kabla, na uende na ndege yenyewe mkononi.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba mwanangu, karibu."

"Ahsante. Tunaomba kutumia kiwanja kesho alfajiri. Tunarusha ndege ndogo ya betri, hii hapa."

"Ina kamera?"

"Haina, mzee. Ni boksi na mota tu. Ishike uitazame."

Swali la kamera litakuja kila mahali, na ni swali la haki. Watu hawapendi kupigwa picha uani kwao na mtu wasiyemjua. Ndege ya kujifunzia haihitaji kamera hata kidogo, kwa hiyo usiifunge.

Jambo la tatu kabla ya fedha kutoka mfukoni ni kuzoesha vidole. Kuna programu za kuigiza urushaji. PicaSim, kwa mfano, ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu ya kawaida. Chezea mpaka uweze kuileta ndege ikielekea kwako bila kuchanganya kulia na kushoto. Ukishapata rimoti yako, iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB uendelee na mazoezi hayohayo kwa vijiti halisi. Kila ndege unayoivunja kwenye skrini ni fomu bodi uliyoiokoa, yaani ile bodi ya povu yenye karatasi pande zote mbili tutakayoundia ndege.

Vitu vya umeme

Vipimo ninavyotoa hapa ni vya ndege yenye bawa la mita moja, ambao ni ukubwa mzuri wa kuanzia: inaonekana vizuri ikiwa mbali, na bado unaibeba kwenye bodaboda.

Nunua mota isiyo na brashi ya saizi 2212 yenye KV 1000. Namba hiyo ya KV maana yake ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo. Kidhibiti mwendo, kile ambacho mafundi wanakiita ESC, kiwe cha ampea 30. Mota hii haitafika huko, na hiyo nafasi ya ziada ndiyo inayokifanya kisichemke kwenye joto la huku. Propela iwe ya inchi 9 kwa 4.7, na ununue nne au tano kwa mpigo, maana ndicho kitu cha kwanza kuvunjika. Sevo, vile vimota vidogo vinavyosukuma vibao vya mkiani, mbili za gramu 9 zinatosha kwa ndege ya kwanza. Rimoti iwe ya 2.4 GHz na angalau chaneli nne, kila chaneli ikiamuru kitu kimoja. FlySky FS-i6 ina sita, bei yake si ya kutisha, na utabaki nayo miaka mingi.

Betri ni lipo (lithiamu polima) ya seli tatu, volti 11.1, yenye uwezo wa kati ya mAh 1500 na 2200. Hapa usibanie. Kuna wanaotaka kutumia seli za betri ya kompyuta mpakato iliyokufa kwa kuwa fundi simu anazo kwenye boksi. Seli zile hazikutengenezwa kutoa ampea nyingi kwa mkupuo. Mota ikidai nguvu ya kupaa, volti hushuka ghafla na ndege hurudi chini.

Vitu hivi vingi utaviagiza Dar es Salaam na kutumiwa kwa basi, au nje ya nchi. Betri za lipo zina masharti makali ya kusafirishwa kwa ndege kwa sababu zinaweza kuwaka moto, kwa hiyo ulizia betri kwanza na mengine baadaye. Kwa kulehemu plagi, kama huna chuma cha kulehemu, fundi simu yeyote mwenye mkono mzuri atakufanyia. Mwambie waya ni mnene na risasi iingie ndani yake, isiwe imepaka juu tu. Simama hapo umwone, na waya mwekundu na mweusi visigusane hata nukta moja betri ikiwa imechomekwa.

Chaja lazima iwe ya kusawazisha seli, yenye sehemu ya kuchomeka ile plagi ndogo nyeupe. Nyingi hukubali pia volti 12 za betri ya gari au ya sola, na umeme ukikatika utashukuru. Chaji kwa ampea 2.2 kama betri ni ya mAh 2200, au 1.5 kama ni ya 1500. Ikijaa, kila seli inasoma volti 4.2, jumla 12.6. Wakati wa kuchaji iweke kwenye chungu cha udongo au sufuria kuukuu yenye mchanga, nje ya chumba cha kulala, na usiondoke. Betri iliyovimba haichajiwi tena, hata kama imevimba kidogo.

Kuunda

Karatasi tatu za fomu bodi zenye unene wa milimita 5 na ukubwa wa sentimita 50 kwa 70 zinatosha ndege nzima. Huuzwa kwenye stationari. Zinatofautiana uzito, kwa hiyo zishike mbilimbili dukani uchukue iliyo nyepesi. Ukizikosa, stairofomu ya kufungia friji au ya boksi la samaki inafaa, ila itabidi uichonge kwa wembe mkali na kuivalisha selotepu yote ili isikatike.

Vingine vya kuwa navyo: gundi ya moto na bunduki yake, selotepu pana, gundi nyeupe ya mbao, vijiti vya mishikaki, penseli mbili, raba bendi, spoku mbili za baiskeli na kadi ya benki iliyoisha muda. Supaglu ya kawaida na gundi ya viatu usizikaribishe: zinayeyusha fomu, na utaona bawa likitoboka mbele ya macho yako.

Bawa ndilo lenye kazi, kwa hiyo lipe siku yake. Kila nusu ya bawa inatoka kwenye karatasi moja. Kata kipande cha sentimita 50 kwa 42. Pima sentimita 20 za sehemu ya chini, halafu acha sentimita 2, halafu zinabaki 20 za sehemu ya juu. Kwenye zile sentimita 2 za katikati, chora mistari mitatu ya kwenda urefu wa bawa, kisha ikandamize kwa mgongo wa kijiko, upande utakaokuwa ndani, taratibu, karatasi ya nje isichanike. Mistari hiyo ndiyo itakayokunjika iwe ukingo wa mbele wa mviringo. Usipoikandamiza vya kutosha, fomu itapasuka kwa mkunjo mmoja na bawa litakuwa na pua kali, na bawa lenye pua kali huangusha ndege mwendo ukipungua.

Sasa tengeneza uti. Kata vipande viwili virefu vya fomu vyenye upana wa sentimita 3, vigandishe kimoja juu ya kingine, uvilaze ndani ya bawa sentimita 6 kutoka ukingo wa mbele. Paka gundi ya moto juu ya uti na kwenye ukingo wa nyuma, kunja bawa, na ukandamize kwenye meza iliyonyooka hadi ipoe. Uti huo ndio unaolipa bawa tumbo lake la juu. Likipoa, liweke usawa wa jicho ulitazame kwa urefu. Kama limejipinda kama parafujo, pasha gundi moto ulifungue sasa hivi, kwa sababu bawa lililopinda haliwezi kurekebishwa na rimoti.

Nusu mbili unaziunganisha kwa kuinua ncha. Laza nusu moja mezani, inua ncha ya nyingine sentimita 10 kutoka mezani, ugandishe. Ukilisimamisha bawa sawasawa, kila ncha itakuwa juu kwa sentimita 5. Mnyanyuko huu ndio unaofanya ndege ijirudishe yenyewe ikiinama upande mmoja, na ndio utakaokuwezesha kukata kona kwa usukani wa mkia pekee. Kwenye maungio, mwombe fundi seremala akukatie plaiwudi ya milimita 3, urefu wa sentimita 20, yenye pembe inayolingana na mnyanyuko huo. Ichomeke ndani, ibane kwenye uti, upake gundi ya mbao, halafu pitisha selotepu juu na chini ya maungio. Bawa likivunjika, litavunjikia hapa, kwa hiyo usiharakishe.

Kiwiliwili ni boksi tu. Urefu sentimita 70, upana 7, kina 9 mbele na kupungua hadi 4 mkiani. Mkia wa kulala uwe sentimita 40 kwa 12, na sentimita 4 za nyuma zikatwe ziwe eleveta, kibao cha kuinua na kushusha pua. Mkia wa kusimama uwe na kimo cha sentimita 16, na sentimita 6 za nyuma ziwe usukani. Bawaba zake ni karatasi yenyewe ya fomu bodi: kata karatasi ya juu na fomu, acha karatasi ya chini, chonga ukingo kwa mshazari ili ipate nafasi ya kukunjika, kisha uimarishe kwa selotepu. Mkia wa kulala na bawa vitazame sambamba ukiwa umesimama nyuma ya ndege. Hapa jicho linatosha, rula si lazima.

Puani gandisha kibao cha plaiwudi cha kufungia mota. Weka washa nyembamba nyuma ya skrubu za juu, mota itazame chini kidogo, na nyingine nyuma ya skrubu za kushoto, itazame kulia kidogo. Bila hivyo, kila ukiongeza nguvu ndege itainua pua na kuvuta kushoto, na wewe utadhani kosa ni la vidole vyako.

Penseli mbili zipitishe kiwiliwilini zikitokeza pande zote, mbele na nyuma ya bawa. Bawa linakaa juu na kufungwa kwa raba bendi zinazopishana. Ndege ikijigonga, bawa linachomoka badala ya kukatika. Chini ya ukingo wa mbele weka kipande kimoja cha fomu ili bawa litazame juu kidogo.

Sevo zikae katikati, ndani. Spoku ndizo zitakazosukuma eleveta na usukani, na pembe za kuzishika unakata kutoka kwenye ile kadi ya benki. Spoku ndefu hupinda katikati inaposukuma, hivyo ipitishe kwenye kipande cha mrija wa soda kilichogandishwa njiani.

Usivalishe ndege nakshi. Tumbo na pua vipige selotepu, kwa sababu karatasi ya fomu bodi hunywa unyevu wa asubuhi na kubanduka. Bawa chini lipake rangi moja, juu nyingine, zinazotofautiana sana. Chini ikiwa nyekundu, ukiona nyekundu unajua umeona tumbo. Lengo la uzito, pamoja na betri, ni gramu 700 au chini yake.

Uwiano na ukaguzi

Hapa ndipo ndege nyingi za kujitengenezea zinapoamuliwa kama zitaruka. Betri ikiwa ndani na bawa limefungwa, weka ncha za vidole viwili chini ya bawa, sentimita 5 hadi 6 nyuma ya ukingo wa mbele, uinyanyue. Inatakiwa itulie sawa, au pua iiname kidogo sana. Mkia ukishuka, sogeza betri mbele. Betri ikifika mwisho wa pua na mkia bado unashuka, ongeza uzito puani, hata kama ni kokoto ndani ya selotepu. Kamwe usikubali kurusha ndege yenye mkia mzito. Ikishapaa hutaweza kuidhibiti.

Propela ikiwa imeondolewa, washa rimoti kwanza, kisha chomeka betri ya ndege. Kuzima ni kinyume: betri ya ndege kwanza, rimoti mwisho. Simama nyuma ya ndege. Vuta kijiti cha kulia kuja kwako: eleveta inatakiwa ipande. Peleka kulia: usukani uende kulia. Kwa ndege hii isiyo na eleroni, vile vibao vya ukingo wa nyuma wa bawa vinavyoinamisha ndege, chomeka sevo ya usukani kwenye chaneli ya 1 ya kipokezi (kiboksi cha rimoti kinachokaa ndani ya ndege) ili mkono wa kulia ndio ukate kona; baadaye ukihamia ndege ya eleroni, mkono hautakuwa na la kujifunza upya. Eleveta isogee sentimita 1 juu na 1 chini, usukani sentimita 2.5 kila upande. Zaidi ya hapo ndege itakuwa na hasira.

Mota ikizunguka kinyume, badilishana nyaya zozote mbili kati ya tatu. Maandishi ya propela yaangalie mbele, ndege inakoelekea. Halafu jaribu kitu ambacho wanaoanza wengi hawakijaribu: propela bado imeondolewa, mota inazunguka, zima rimoti. Mota lazima isimame. Isiposimama, rudi kwenye mipangilio ya rimoti uiambie izime mota mawimbi yakipotea. Ndege inayokimbia yenyewe na mota ikiwa wazi ni hatari kwa watu.

Propela hiyo hupita mizunguko 7,000 kwa dakika na hukata kidole. Watoto watakuja, maana watoto wa huku hawaachi jambo jipya lipite. Mpe mmoja mkubwa kazi ya kuwashika wenzake nyuma yako, mita 10 au zaidi, na atafanya kazi hiyo kwa bidii kuliko mtu mzima.

Mahali na saa

Kusi huanza kushika mwezi wa nne au wa tano na kukaa hadi wa tisa au wa kumi, na mchana wake hauna huruma kwa ndege ya gramu 700. Kaskazi ni ya kuanzia Novemba hadi Machi, lakini imeshikana na mvua zetu. Katikati, wakati wa tanga mbili, hasa Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba, unapata asubuhi nyingi tulivu na ardhi bado kavu. Huo ndio mwezi wa kujifunza. Lakini mwaka mzima kuna dirisha la alfajiri: kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, kabla nchi kavu haijapata joto na kuuita upepo wa bahari.

Ukiwa ufukweni saa hizo, upepo mwepesi unatoka bara kwenda baharini. Ipe bahari mgongo. Jua litakuwa nyuma yako, upepo usoni, na ndege utaiona yote ikiwa mbele yako bila kukodoa macho. Iweke siku zote upande huo wa mbele. Usiiache ikupite juu ya kichwa kwenda nyuma, kwa sababu upepo huohuo utaipeleka majini. Angalia saa za maji pia: siku za bamvua hukupwa mbali na kukupa nafasi kubwa, lakini hurudi kwa kasi. Na mitumbwi inayorudi na samaki ina haki ya njia kuliko wewe.

Ukichagua bara, jihadhari na mikorosho. Matawi yake ni mapana na mazito na huificha ndege kabisa. Kuanzia mwezi wa sita, wakulima hupulizia salfa alfajiri ileile unayoitaka wewe, wakifuata utulivu uleule wa upepo. Ukisikia mashine ya kupulizia shambani, hamia mahali pengine au ngoja siku nyingine. Yule yuko kazini.

Kipimo changu cha upepo ni minazi. Makuti yakining'inia yametulia, rusha. Yakitikisika mfululizo, keti.

Kuruka

Anza bila mota. Simama kwenye nyasi au mchanga laini, uelekee upepo, irushe ndege kwa mkono ikiwa sawa, pua ikiangalia chini kidogo tu. Inatakiwa iteleze moja kwa moja na kutua mbele. Ikiinua pua kisha kudondoka, sogeza betri mbele kidogo. Ikizama haraka, ongeza trimu ya eleveta juu, kwa vile vitufe vidogo vilivyo kando ya vijiti vya rimoti. Ikienda upande, trimu usukani. Rudia hadi iteleze vizuri kila mara.

Safari ya kwanza yenye mota inataka watu wawili: mmoja arushe, mwingine ashike rimoti na vidole vyote vikiwa kwenye vijiti. Kabla ya hapo, msaidizi aende nayo hatua 60 kutoka ulipo, ukaone kama eleveta na usukani vinaitikia bila kusitasita. Arudi. Peleka nguvu robo tatu, mwenzako airushe kwenye upepo ikiwa sawa, si kuelekea juu. Wengi hurusha juu kwa furaha, ndege hukosa mwendo na kulala upande. Acha ipande yenyewe taratibu. Ikifika kimo cha minazi miwili iliyopandana, punguza nguvu hadi nusu, utulie.

Kimo ndicho rafiki yako. Ukikosea juu, una sekunde za kurekebisha.

Kona hukatwa kwa kugusa, si kwa kushikilia. Gusa kulia, ndege iiname, achia, vuta eleveta kidogo ili isizame, na ikishageuka gusa kushoto kuinyoosha. Fanya duara kubwa upande mmoja, kisha upande mwingine, kisha namba nane. Ikija kuelekea kwako, kulia na kushoto vitaonekana vimebadilishana. Njia inayosaidia ni hii: peleka kijiti upande ule ambao unaliona bawa likishuka, na bawa litainuka. Usifikirie zaidi ya hapo.

Ikiinua pua na kupoteza mwendo, mikono itataka kuvuta zaidi. Fanya kinyume: achia eleveta, ongeza nguvu, ngoja ipate mwendo. Na ukiona kabisa inaanguka, zima mota kabla haijagusa ardhi. Tendo hilo moja huokoa mota, kidhibiti mwendo na mara nyingine propela.

Mwewe wataikaribia. Wakianza kuizunguka, ilete chini. Kucha zao hutoboa fomu, na wao wenyewe wanaweza kuumizwa na propela.

Weka saa ya kengele ya dakika 5. Ukitua, pima betri: kila seli ikisoma karibu volti 3.8, bado una akiba na unaweza kuongeza dakika moja. Ikiwa chini ya 3.7, punguza. Seli isishuke chini ya volti 3 hata mara moja.

Mazoezi ya kutua uyaanzie juu. Zima mota ukiwa na kimo kizuri, uone inavyoteleza mbali kiasi gani, kisha uiwashe tena. Kisha ipeleke upande upepo unakoelekea, igeuze ielekee upepo, mabawa sawa, punguza nguvu kidogokidogo, na ikibaki kimo cha goti zima mota na kuvuta eleveta kidogo tu. Mchanga utaipokea. Usigeuze kona ikiwa chini ya kimo cha nyumba. Kama imekwenda mbali, iache itue huko huko, utatembea uifuate.

Baada ya kila asubuhi

Chumvi na mchanga ndivyo vinavyoua vifaa vyetu. Puliza mota, izungushe kwa mkono usikilize. Ikikwaruza, kuna punje ndani. Tone moja la mafuta ya cherehani kwenye beringi linatosha. Ndege ikiingia baharini, chomoa betri, suuza kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ukaushe kivulini siku mbili kabla ya kujaribu. Betri iliyolowa maji ya bahari isirudi kwenye chaja.

Usiache betri kwenye gari au juu ya bati. Kama hutaruka wiki nzima, chaja nyingi zina mpangilio wa kuhifadhi unaoishusha au kuipandisha hadi volti 3.8 kwa seli, na betri inayohifadhiwa hivyo hudumu kuliko inayokaa imejaa.

Bawa lililopasuka ligandishwe kwa gundi ya moto na vijiti viwili vya mishikaki vilivyochomekwa ndani. Pua ikishagandishwa mara nyingi, inakuwa nzito. Hapo kata kiwiliwili kipya. Kwa mkono uliozoea ni kazi ya jioni moja.

Ukishaweza kupaa, kuzunguka pande zote mbili na kutua unapotaka bila moyo kwenda mbio, tengeneza bawa la pili, lile la eleroni. Safari hii inua ncha sentimita 2 tu kila upande, kata eleroni mbili kwenye ukingo wa nyuma, upana sentimita 4 na urefu 30, na uongeze sevo moja kwa kila nusu ya bawa. Hamisha usukani kwenye chaneli ya 4, eleroni zikae kwenye ya 1. Zisogee sentimita 1 kwa kuanzia. Kabla ya kurusha, simama nyuma ya ndege, peleka kijiti kulia, na uhakikishe eleroni ya kulia imepanda na ya kushoto imeshuka.